Rili Isiyolia

3 Februari

Mpwa wangu Kipaza,

Pokea salamu zangu. Usishangae kuuona mwandiko wa binamu yako Sindano. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono wangu siku hizi umekuwa mvivu, naye kwa kuwa ni mshonaji, hata herufi anazipanga kama mshono. (Kaka, hilo la mshono amelisema mwenyewe, sijalitunga. – S.)

Nakuandikia kwa haya, maana mimi si mtu wa kuomba. Mwezi ujao nastaafu hapa kituoni. Miaka thelathini na mmoja nimelea vifaranga vya samaki mabwawani na kuwaachilia mtoni, na sasa wameniambia asante, pumzika. Shangazi zako, shemeji zangu, walikuja wakaniuliza, “Tukupe nini?” Nikakataa. Wakauliza tena, nikakataa. Mara ya tatu ulimi ukateleza, nikasema: rili.

Ulipokuwa mdogo ulikaa ukingoni ukisoma kitabu huku mimi nikivua, kwa hiyo nikukumbushe. Rili ni kile kigurudumu kinachofungwa chini ya ufito wa kuvulia, kinachokunja na kukunjua mshipi. Sisi tunavua kwa nzi wa bandia waliofungwa kwa manyoya, na nzi wa manyoya hana uzito wowote. Kazi yote iko kwenye mkono, mshipi na rili. Yangu ilianguka jiweni mwezi wa Novemba ikapasuka kiunzi, na aliyejua kuitengeneza alishatangulia mbele ya haki.

Ninaihitaji kwa sababu. Nyumba hii ni ya kituo, nikistaafu naiacha. Nyumba ya wageni iliyo chini kidogo ya mto inatafuta mtu wa kuwaongoza wageni wanaokuja kuvua, na mtu huyo hupewa chumba pale pale ukingoni. Meneja ameniambia niende asubuhi moja na zana zangu anitazame. Nikifaa, nitaendelea kulala nikisikia maji. Nisipofaa, nitahamia kwa Sindano, katika chumba cha vyerehani. Mwanangu ni mwema, lakini mto hana.

Shangazi zako wameamua uchague wewe, kwani duka la zana za uvuvi liko huko jijini kwako. Sura na rangi nakuachia. Wewe ndiye mwenye macho ya mambo hayo. Ombi langu ni moja tu: iwe inalia. Mshipi ukitoka, nisikie. Ni mazoea ya uzee, usinicheke.

Mjomba wako

*

14 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta katikati ya kusahihisha hotuba za wanafunzi wangu, na nakiri kwamba mistari yako michache ilikuwa na uzito kuliko rundo lote lililokuwa mezani. Kuchaguliwa kwangu na ukoo ni heshima, nami sitaibeba kama mzigo.

Usiwe na haya yoyote. Mtu aliyewalea samaki wasiohesabika bila kuwadai shukrani anastahili kupewa kitu ambacho kila jicho litakaloanguka juu yake litakiri: huyu amethaminiwa. Nimeombwa pia na mkuu wa kituo chako kutoa neno siku hiyo. Nimekwisha kulianza.

Jumamosi nitakwenda dukani. Niachie mimi.

Mpwa wako mtiifu,
Kipaza

*

20 Februari

Kaka Kipaza,

Hii Baba hajui kama nimeiandika, na usimjibu yeye.

Nimeisoma ile barua yako mara ya pili na nimeona hukugusa jambo la mlio. Kaka, naomba sana, chukua inayolia. Hata ikiwa na sura ya kopo la rangi, ichukue. Ndani ya zile za zamani kuna kiulimi cha chuma kinachogonga meno ya gurudumu. Samaki akivuta polepole inasema ka, ka, ka. Akikimbia inakuwa kama kitambaa kinachochanwa. Mimi nikiwa jikoni nilikuwa najua Baba amepata samaki wa aina gani kabla hajarudi.

Kuna sababu ambayo nimeapishwa nisiiseme. Wewe ni msomi, ukitulia utaikisia.

Dada yako,
Sindano

*

27 Februari

Dada Sindano,

Wasiwasi wako umenifurahisha, kwani unaonyesha mapenzi. Lakini umechelewa: rili ninayo hapa mezani, na natamani ungeiona. Ina rangi ya dhahabu isiyokoza, ile inayowaka kwenye nuru na kutulia kivulini. Pembeni imetobolewa matundu yaliyopangwa kama petali za ua, na kishikio chake ni cha mti mweusi uliong'arishwa. Ukiizungusha, inakwenda kimya kabisa, mithili ya paka juu ya zulia. Ukali wa breki yake unaupanga kwa kidole kimoja. Ni nyepesi hata unasahau kwamba umeishika.

Kuhusu mlio: dada yangu, siku hizi rili bora hazilii, kama vile gari bora halipigi kelele. Mjomba mwenyewe amesema ni mazoea, na mazoea hubadilika. Nimejaribu kukisia sababu yako kubwa ya siri, nikahitimisha kwamba wewe ndiye unayeupenda mlio kwa kumbukumbu za jikoni. Nitakuletea redio.

Tafadhali usimwambie. Nataka kila mtu atakayekuwepo auone uso wake wa furaha.

Kaka yako,
Kipaza

*

15 Machi

Mpwa wangu,

Nyumba bado inanukia maua ya siku ile. Hotuba yako imewafanya watu wa kituo wanisalimie upya, kana kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejificha kwenye bwawa. Mhasibu amenisimamisha njiani akaniuliza, “Mzee, kumbe wewe ndiye yule aliyesemwa?” Nikamwambia hata mimi nimemfahamu juzi.

Na rili! Ulipolifungua boksi nilisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi. Imepitia mikononi mwa watu wote kabla ya kufika kwangu. Meneja wa nyumba ya wageni naye aliishika, akasema ni kitu cha maonyesho.

Nimeipenda. Naizoea taratibu. Alhamisi ya wiki ijayo nakwenda kutazamwa.

Ahsante, mwanangu. Umenipa heshima.

Mjomba wako

*

2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Alhamisi imepita, na Alhamisi nyingine nyuma yake, nami sijasikia neno. Bila shaka wageni wamekuzonga, huna nafasi ya kalamu. Kwenye kikao cha ukoo nimewahadithia jinsi rili ya dhahabu ilivyokuwa ikimeremeta juu ya maji asubuhi ile. Nisamehe kwa kuwa sikuwepo, nimeyajaza mapengo kwa mawazo. Shangazi mkubwa alipiga vigelegele.

Nitumie picha. Ukiwa katika chumba chako kipya, dirisha likiwa wazi upande wa mto.

Mpwa wako,
Kipaza

*

20 Aprili

Mpwa wangu,

Hatujambo. Mvua zimekuwa nyingi na mto umechafuka. Nimeonelea nikae kwa Sindano kwanza, kwani baridi ya ukingoni imeanza kuniingia kwenye magoti. Hapa ni pakavu. Vyerehani vinne vinaimba kutwa, na mimi nimepewa kazi ya kutenganisha vifungo vyenye matundu mawili na vyenye matundu manne. Kazi ya vidole, naiweza.

Rili ni nzima. Nimeivisha soksi isipate mkwaruzo.

Mjomba wako

*

1 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefarijika mno kusikia kwamba hatimaye umekubali kupumzika. Kumbe hekima ya magoti nayo ni hekima! Umewaachia vijana mto kabla mto haujakuacha wewe. Nimewasimulia wanafunzi wangu hilo kama mfano wa mtu ajuaye wakati wake.

Maadamu huvui tena, naomba rili usiifiche kwenye soksi. Tafuta fundi akutengenezee kisanduku cha kioo, uiweke ukutani. Kitu kizuri hivyo kinastahili kuonekana.

Mpwa wako,
Kipaza

*

8 Mei

Kaka,

Baba alinitaka nimsomee barua yako. Nilipofika kwenye kisanduku cha kioo aliniambia, “Rudia hapo.” Nikarudia. Akacheka, kisha akaniomba maji, na nilipoyaleta nilimkuta ameuelekeza uso ukutani. Kwa hiyo leo navunja kiapo.

Baba haoni vizuri. Mwaka wa pili sasa. Katikati ya kila kitu anachokitazama kuna doa kama alama ya pasi iliyounguza nguo. Anaona pembeni tu. Ndiyo maana naandika mimi. Anajua mto kwa miguu, anarusha mshipi kwa mkono, na aliyekuwa akimwambia samaki yuko wapi ni mlio wa rili. Kwa mlio alijua mshipi umetoka kiasi gani na lini auzuie. Kwa mlio angeweza kumfundisha mgeni yeyote miaka kumi mingine, na mgeni asingejua kitu. Alisema iwe inalia. Nami nilikuandikia. Ukaniahidi redio.

Alipoipata ile ya kwako alijitahidi. Kila jioni kabla jua halijazama nilishika ncha ya mshipi nikakimbia nao uani, naye akijaribu kuhisi kwa kidole. Haisemi kitu, kaka. Ni laini mno. Nikakata jino la kitana, nikaligandisha kwa gundi ili ligonge yale matundu yako ya petali. Likalia! Si sana, lakini likalia. Baba akafurahi. Asubuhi ya kutazamwa, tukiwa njiani, akalibandua. Nikamwuliza, “Baba, unafanya nini?” Akasema, “Meneja aliishika rili hii ukumbini ikiwa nzima. Akiona tumeichomeka kitana atasema zawadi ya Kipaza ilikuwa mbovu.”

Alikuwepo meneja na wageni wawili, mke na mume. Baba akarusha mara tatu, mshipi ukatua kama pumzi. Yule mke akasema, “Wah!” Mara ya nne samaki akashika. Ufito ukapinda, rili ikaanza kuzunguka, na hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa maji. Baba akainamisha kichwa. Najua alikuwa anasikiliza. Kisha akaninong'oneza, “Mshipi umebaki kiasi gani?”

Meneja akasikia. “Mzee, kwani huoni?”

Baba akasema, “Naona, bwana, ila samaki huyu hajajitambulisha.”

Wakacheka. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie mshipi umekwisha, ukawa umekatika. Ulilia mara moja tu, ulipokatika.

Meneja hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alimshika Baba bega akamwambia kwa upole, wageni wakisikia: “Mzee wangu, natafuta mtu wa kuongoza, si mtu wa kuongozwa.” Tukarudi kwa miguu. Tukafika darajani. Pale Baba akasema: “Usimwambie Kipaza. Alichagua kwa mapenzi.”

Mimi nimekuambia. Na mimi nina aibu yangu: ningekuandikia ukweli mwezi ule wa Februari, bila kujali kiapo, leo nisingekuwa napanga vifungo na baba yangu.

Sindano

*

15 Mei

Kwa Sindano: kikao cha ukoo kitakuwa Jumapili hii nyumbani kwa Shangazi mkubwa. Mimi sitaweza kufika, au niseme kweli, sitathubutu. Nakuomba uwasomee wote barua hii kwa sauti, Mjomba akiwepo.

Wajomba zangu, shangazi zangu, kaka na dada, na watoto mlioketi chini kwa kuwa viti havikutosha,

Nimesimama mbele yenu mara nyingi. Nimewaozesha kwa maneno, nimewazika kwa maneno, na mwezi wa Machi nilimpa Mjomba heshima kwa maneno yaliyowatoa machozi. Leo sisimami. Leo naomba mnione nimeketi, na kama kuna mahali chini ya kuketi, mnione hapo.

Mlinituma niwakilishe mikono yenu yote. Mjomba aliomba jambo moja: rili iwe inalia. Sikusahau ombi hilo. Laiti ningelisahau! Usahaulifu una msamaha wake. Mimi nililikumbuka vizuri nikiwa nimesimama mbele ya kabati la kioo, na nikalikataa.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliniuliza, “Anayevua ni nani?” Nikasema ni mjomba wangu. “Kasemaje?” Nikasema anataka inayolia. Akaweka mezani rili ya kijivu, nene, yenye sura ya sufuria iliyokaa jikoni miaka mingi. Akaizungusha, ikalia. Akasema, “Basi mzee kakumalizia kazi.”

Lakini jicho langu lilikuwa limekwisha kupanda rafu ya juu, ilikokaa ile ya dhahabu. Akanionya: hiyo ni kimya, na mtu aliyezoea mlio ataona kama amezibwa masikio. Mimi nikamjibu, kwa sauti yangu hii mnayoijua, “Mama, zawadi hii itafunguliwa mbele ya watu mia moja.”

Akanitazama juu ya miwani yake. “Na hao mia wataingia nayo mtoni?”

Nilicheka. Nilimwona ni mtu wa mzaha. Nikamwambia anifungie ile ya dhahabu kwa karatasi nzuri.

Ndugu zangu, nimejichimba nione nilikuwa nikiogopa nini, na nilichokikuta ni kidogo kiasi cha kutia kichefuchefu. Niliogopa kufungua boksi na kutoa kitu cha kijivu. Niliona nyuso zenu kabla hamjawa nazo, nilisikia ukimya. Nikauhamisha ukimya ule kutoka ukumbini, ambako ungeniumiza mimi kwa muda mfupi, nikaupeleka mtoni, ambako umemnyang'anya Mjomba chumba chake, kazi yake na maji yake.

Kisha mkanipigia makofi. Kisha nikawasimulia habari za asubuhi ambayo sikuiona. Shangazi, vigelegele vyako vilikuwa juu ya uongo. Kisha nikamwandikia mtu aliyeondolewa mtoni kwa mkono wangu, nikimsifu kwa kujua wakati wa kuondoka.

Walisema wahenga kwamba kizuri chajiuza. Mimi ni shahidi kwamba kizuri pia huuza watu. Mtu anayejua kusema hujidanganya kwamba anajua pia kusikia; kumbe mdomo na sikio havirithiani. Wanafunzi wangu huniuliza siri ya ufasaha ni nini, nami huwajibu bila haya. Siku hizi nikiingia darasani nakwepa macho yao.

Mjomba, mbele ya hawa wote walioniona nikishangiliwa, nakuomba radhi. Sina cha kujitetea nacho. Na ninyi nyote, naomba msinitume tena mahali ambapo uso wangu unaweza kutangulia mbele ya haja ya mtu.

Ni mimi, niliyestahili kuitwa Kipaza na nisiyestahili kuitwa mpwa

*

27 Mei

Mpwa wangu,

Leo naandika mwenyewe. Mistari ikipanda mlima usiifuate, itashuka.

Barua yako haikusomwa kikaoni. Sindano alinisomea mimi kwanza, mara mbili, kisha nikaiomba nikaitia mfukoni. Alitaka kunigombeza. Nikamwambia, mwenye kesi ni mimi.

Ni nzuri, Kipaza. Hilo ndilo tatizo lake. Shangazi zako wangelia. Wangesema, jamani, mtoto huyu anajua kuomba radhi! Mkubwa angepiga vigelegele tena. Nawe ungepigiwa makofi mara mbili kwa rili moja.

Na macho yangu yangejulikana na kila mtoto aliyeketi chini kwa kuwa viti havikutosha. Hukuyataja, umejitahidi. Lakini wangeuliza mzee anataka mlio wa nini, na Sindano si mtu wa kunyamaza akiulizwa. Nami nina aibu na macho haya. Usiniulize kwa nini. Wewe uliona aibu ya rangi ya kijivu, kila mtu na yake.

Sina hasira. Nilikuwa nayo wiki moja, hasa nikipanga vifungo. Nami nina kosa: nilisema mazoea ya uzee, wakati nilipaswa kusema sioni. Nilikupa nusu ya neno, ukalitupa. Lakini ulilitupa wewe.

Aliyenikataa hakuwa kikaoni kwa shangazi yako. Yuko kule chini ya mto, ana ofisi yenye mlango wa kijani. Sikutumi. Nakuonyesha tu mlango uliko. Ukienda, usiende na hotuba.

Mjomba wako

*

6 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Nilikwenda jana. Nilifika asubuhi, nikangoja barazani mpaka meneja alipomaliza na watu wa idara ya maji.

Njiani nilikuwa nimeandaa maneno. Mlangoni nikayaacha, kama ulivyosema. Basi nikasimama pale nikifuta viatu. Meneja akaniuliza kama ninatafuta chumba. Nikasema hapana. Nikasema mimi ni yule wa hotuba, mwezi wa Machi. Akasema, “Ooh! Karibu, karibu!” Akaniitia chai. Chai nikaiacha mezani.

Nikamwambia hivi: “Rili ile niliichagua mimi. Mjomba aliomba inayolia. Nikachukua inayong'aa. Siku ile hakushindwa yeye.”

Akanivutia kiti. Kisha akauliza, “Macho yake vipi?”

Jibu nilikuwa nalo, Mjomba. Nilikuwa nalo refu, zuri, la kumtoa machozi. Nikamwambia, “Hilo muulize mwenyewe.”

Akasema kazi imekwisha kupata mtu, na chumba kimekaliwa. Hilo siwezi kulirudisha, na hakutaka nimbembeleze. Lakini akasema kuna siku za Jumamosi. Wageni huwa wengi, na mtu wake hajui kuwafundisha kurusha. Yule mke wa siku ile bado anaulizia mzee aliyetua mshipi kama pumzi. Jumamosi tu, asubuhi, na mzee aje na rili aitakayo.

Nikaruka nikasema, “Amekubali!” Nikampa mkono. Nikamshukuru kwa niaba yako, kwa niaba ya ukoo, karibu nimshukuru kwa niaba ya samaki.

Nilikuwa nimekwisha kupanda basi nilipogundua nilichokifanya. Nikamwomba dereva asimame. Abiria walinisema sana; mmoja aliniuliza kama nimeacha mtoto. Nikarudi kwa miguu, viatu vikiwa na tope, nikagonga tena mlango ule wa kijani. Nikamwambia meneja kwamba hujakubali, kwa sababu hakuna aliyekuuliza.

Alinitazama kana kwamba nina homa. Akasema atangoja mpaka Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumapili nitakuja kwa Sindano. Sitasema kitu. Utaniambia ndiyo, au hapana, au vyovyote utakavyo, nami nitampelekea meneja kwa maneno yako yale yale.

Mpwa wako